Naisula, fundi aliyekataa kujenga juu ya njia ya maji

Saa mbili asubuhi, Makumira, siku ya kukabidhi nyumba. Mama Marta anavua kandambili, anakanyaga sakafu mpya kwa miguu mitupu na kuanza kutembea peke yake. Ni mwaka wa sita sasa tangu macho yake yapoteze nuru. Mkono mmoja anaupitisha ukutani. Nyayo zinafuata utepe wa mawe madogo uliolazwa katikati ya saruji laini.

Hatua chache nyuma yake amesimama fundi Naisula Loserian, mwiko mkononi. Hamshiki wala hamwelekezi.

Mawe yanakwisha. Mama Marta anasimama. "Hapa ni jikoni."

"Umefika, mama," Naisula anajibu, na ndipo anashusha pumzi.

Naisula, mwenye umri wa miaka 42, ni fundi mwashi. Anaishi Usa River na wanawe wawili, na ujenzi ameufanya kwa miaka kumi na tisa. Wanaume wakimcheka saiti, huwakumbusha kwamba kwao Oldonyosambu, magharibi ya Mlima Meru, nyumba ilikuwa kazi ya mwanamke.

"Mama yangu hakuchimbia nguzo mahali asipoujua upepo wake," anasema. "Mimi nimebadilisha vifaa tu. Yeye alikuwa na udongo na mavi ya ng'ombe, mimi nina saruji."

Nyumba hii nusura aikose. Machi mwaka jana, Mwalimu Solomoni, mume wa Mama Marta, aliyestaafu, alimkabidhi ramani iliyotumwa na mtoto wao Rodrick kutoka Dar es Salaam. Kwenye karatasi ilikuwa nyumba ya kupendeza: pana, ngazi nne mbele, imekaa katikati ya kiwanja. Lakini kiwanja chenyewe ni mteremko.

Naisula alikizunguka siku mbili kabla ya kufunga kamba za kupimia msingi. Katikati aliona mawe yaliyosuguliwa yakawa laini na nyasi zilizolalia upande mmoja.

"Mwalimu, maji ya mlimani yanapita hapa," alimwambia mzee. "Na hizi ngazi, mama atazipandaje?"

Rodrick alipopigiwa simu alijibu kwa mkato: "Dada, mchoraji nimeshamlipa. Jenga kama ilivyo, la sivyo tutafute fundi mwingine."

Naisula alikusanya pima maji na koleo lake, akaondoka. Kibarua cha shilingi elfu thelathini kwa siku kikaenda hivyo, na wiki tatu zilizofuata hakupata kingine. Nyumbani kwake ugali uliliwa kwa mchicha wa uani, mchana na jioni.

"Niliogopa, sitakuficha," anasema. "Lakini nyumba ikianguka watu hawasemi ramani ilikosea. Wanasema ilijengwa na Naisula."

Katikati ya Aprili mvua ilinyesha mchana kutwa. Mama Marta na mumewe walikuwa wamepanga chumba jirani na kiwanja. Mama akasikia mngurumo.

"Baba Rodrick, hiyo ni mvua au mto?"

Mwalimu akatoka na mwavuli. Maji ya tope yalikuwa yanakikata kiwanja katikati, yanafika magotini, pale pale palipochorwa sebule. Akayarekodi kwa simu, akamtumia mwanawe.

Jioni ile simu ya Naisula iliita. "Dada, nimeona," Rodrick alisema. "Nisamehe. Rudi uwajengee wazazi wangu unavyoona wewe."

"Si ninavyoona mimi," alimjibu. "Tutajenga anavyoishi mama."

Akarudi. Alimshika Mama Marta mkono, wakakizunguka kiwanja chote huku akimuuliza: asubuhi unaota jua upande gani? Chai unachemsha wapi? Ukiwa peke yako unaogopa nini? Kisha akafunga kamba za katani, kimo cha kiuno, kila mahali patakapokuwa na ukuta. Mama akatembea ndani ya nyumba ambayo haijawapo.

"Mlango wa jikoni uko mbali, mwanangu," alisema. Kamba zikasogezwa. Irine, mchoraji wa mjini Arusha, akachora ramani upya kwa kuzifuata kamba hizo.

Leo nyumba ni ndefu na nyembamba, imejilaza kando ya mteremko. Maji yameachiwa njia yake na kujengewa mtaro wa mawe. Ngazi hakuna hata moja. Baraza linapokea jua la asubuhi, na mvua za vuli zilipokuja halikuguswa na tope.

"Zamani nikitoka nilikuwa namfungia mlango, nikihofia ataanguka," anasema Mwalimu Solomoni. "Jumapili ya kwanza baada ya kuhamia nilirudi kutoka kanisani, nikakuta amechemsha chai. Nilikaa nikanywa."

Naisula mwenyewe bado anaishi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Anacho kiwanja kidogo Kikatiti, na hajapeleka hata tofali moja.

"Masika yakianza nitakwenda kukaa pale na mwavuli, nione maji yanakopita. Udongo ukikauka, nachimba msingi," anasema huku akisafisha mwiko. "Wanangu nimewaambia kila mmoja achague dirisha lake lielekee wapi. Mkubwa anataka kuuona mlima. Mdogo bado anafikiri. Namsubiri."