Jetoni Baada ya Sala

Siku yangu ya kwanza kazini, Butembo, titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya, hakuniuliza kama najua kuchoma sindano. Aliniuliza kama najua kuimba. Kituo kilikuwa cha kanisa letu la Kiprotestanti, na kila asubuhi wagonjwa walianza kwa wimbo, neno na sala. Ndipo tulipogawa jetoni, vile vibao vidogo vyenye namba ya zamu. Aliyekosa sala alipata namba za mwisho. "Kahindo," aliniambia, "roho mbele, mwili nyuma. Hapa, hiyo njo kazi yetu." Nilimwamini, na kwa kuwa nilikuwa na sauti nzuri, nikajiona nimefika.

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa Beni, kwenye kituo kidogo cha kanisa hilohilo kule Mulekera, katika chumba cha pansema. Pansema ni kusafisha kidonda na kukifunga upya. Unalowesha bandeji ya jana kwa maji ya chumvi ili isibanduke na nyama, unaondoa usaha, unaangalia rangi. Nyekundu ni habari njema. Ukiona kijivu chenye harufu, ita mkubwa wako. Ninyi wauguzi vijana mna dawa nyingi kuliko sisi, lakini pua bado ni chombo cha kazi.

Huko nilimpata Paluku, mchoma matofali wa Bungulu, aliyeunguzwa mguu na tanuru lake. Wakati wa sala alikaa nje, akitazama pikipiki zikipita. Nilipomuuliza sababu, alisema hasali, kwa mtu yeyote wala kitu chochote. Nakiri sikukasirika, nilishangaa tu. Udadisi ninao tangu utoto, na mtu wa namna hiyo sikuwahi kumwona kwa karibu. Anakula bila kushukuru? Akiota vibaya, anamwambia nani? Lakini badala ya kumuuliza hayo, nilimhubiria. Kila asubuhi, mguu wake ukiwa mapajani mwangu na pensi, kile kikoleo cha chuma, ikiwa ndani ya kidonda, nilimweleza habari za moto wa milele. Angekimbilia wapi?

Wiki ya tatu hakuja. Kidonda kilikuwa kimeanza kubadilika rangi, nami nilijua kwamba siku chache tu za kukaa hivyo zingemnyang'anya mguu, na mchoma matofali asiye na mguu hana kazi. Titulaire wa pale, mzee mpole lakini mtu wa sheria, alisema mgonjwa ndiye anayefuata kituo. Nilingoja saa za kazi ziishe, nikafunga vifaa kwenye kitambaa safi, nikapanda pikipiki mpaka Bungulu.

Paluku alifungua mlango nusu. Mguu alikuwa ameufunga kwa majani na kipande cha kitenge.

"Mama Kahindo, mikono yako iko mizuri," alisema. "Lakini kila asubui unanishika muguu, unaniambia nitaungua. Heri muguu ioze, nipumue."

Niliona haya hata nikakosa pa kutazama. Kanisani tulifundishwa kuwa tayari kumjibu anayeuliza, na Paluku hakuwa ameuliza kitu. Nikaketi kizingitini, nikamuuliza mimi: ni nini kilimtoa katika sala?

"Baba yangu alikuwa ameoa bibi wawili," alisema. "Siku alikufa, bazee ba kanisa balikataa kuomba ku kaburi. Tulimuzika sisi batoto, kimya tu. Tangu ile siku, hakuna mutu aliniulizaka."

Mimi mwenyewe nilikuwa shemasi, na maziko kama hayo nilikuwa nimeyakwepa mara mbili. Nilimwambia hivyo. Nilisema pole, nikaomba ruhusa ya kuuangalia mguu. Akaunyoosha.

Kesho yake nilimwomba titulaire tugawe jetoni kwanza, kwa jinsi watu walivyofika, kisha asali anayetaka. "Utabakia unaimbia mabenchi," alinijibu, lakini akakubali tujaribu. Wengine walitoka nje, ni kweli. Wengi walibaki, na kwa mara ya kwanza nikajua ni akina nani hasa wanaopenda kuimba.

Mguu ulichukua miezi kupona, na ulibaki umepinda kidogo. Paluku hakuokoka. Watu huniuliza hilo kabla ya kuuliza habari za mguu. Tuliendelea kuongea, yeye akiuliza na mimi nikiuliza, na mara nyingi jibu langu lilikuwa kwamba sijui. Ajabu ni kwamba imani yangu haikupungua kwa hilo.

Sasa nimestaafu. Katika siku zangu za mwisho kazini nilimwona Paluku akimleta jirani yake, mama mmoja aliyevimba mkono. Nyimbo zilipoanza, yule mama alisimama mbali, akataka kurudi. Nikamsikia Paluku akimwambia polepole: "Ingia tu, usiogope. Banasali, lakini bako batu bazuri."

Nilicheka peke yangu mle chumbani mwa pansema. Kisha nikakaa chini. Yule mama alikuwa akiogopa sala kuliko sindano, na waliomfundisha woga huo ni sisi.