Sanamu za Barazani kwa Bwana Mate

Sadala Mhina wa Misima alikuwa mchonga vinu. Alichonga pia mizinga ya nyuki, vigoda na mipini ya majembe, na kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu aliyemwomba achonge kitu chenye macho. Alikuwa Mwislamu wa sala tano, mfupi, mwenye vidole vinene, na alijulikana kijijini kwa kinyaa chake. Akiona unywele kwenye ugali, hali tena siku hiyo. Mkewe, Mwantumu, alizoea kuosha kila chombo mbele ya macho yake ili kupunguza maneno.

Mwaka wa saba tangu reli ya Wajerumani ifike Korogwe, jumbe wa Misima alimwita nyumbani kwake. Kulikuwa na Mzungu mwenye shamba la mpira karibu na Korogwe ambaye alikuwa akikusanya sanamu kubwa za watu wa kale, na jumbe, kwa kutaka kumpendeza, alikuwa amemwambia zipo. Hazikuwepo. Wanawake walikuwa na vinyago vyao vya unyago, lakini hivyo vilikuwa vidogo, na mwanamume hakuvigusa. Sasa jumbe aliogopa kuitwa boma la Handeni akaulizwe kwa nini amesema uongo.

"Chonga tatu, kimo cha mtu," alimwambia Sadala. "Usipochonga, nitapeleka majina ya vijana wa hapa wakavunje mawe ya barabara. Na la kwanza litakuwa la shemeji yako."

Shemeji huyo alikuwa Hiza, mdogo wake Mwantumu, kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa Sadala. Basi Sadala akachonga. Alitumia mti mweupe laini kwa sababu ya haraka, na Hiza akamsaidia kushika magogo. Alitoa paji la uso, pua, mikono iliyoshika tumbo. Jumbe alipoziona alisema zinang'aa kama mwiko mpya. Akaagiza zifukiwe kwenye zizi la ng'ombe miezi miwili, kisha zitundikwe juu ya moshi na kupakwa mafuta ya mbuzi yaliyooza. Siku ya kuzifukua, samadi mbichi ilikuwa imeingia machoni na vinywani mwa sanamu, na funza wakatoka humo. Sadala alitapika mara mbili. Hiza alicheka, akazifuta kwa majani.

Wapagazi wakazipeleka Korogwe. Sadala alidhani yamekwisha.

Baada ya miezi minne akaitwa shambani kwa yule Mzungu. Unga mweupe ulikuwa ukidondoka miguuni mwa sanamu. Bungua, wadudu watoboao miti, walikuwa wameingia. Jumbe alisema Mzungu anataka mtu anayejua kutunza miti ya kale, akamtoa Sadala, akamwonya afunge mdomo.

Vibarua wa shamba walimwita Mzungu yule Bwana Mate. Sadala alielewa sababu asubuhi ya kwanza. Bwana alitoka barazani na kitambaa mkononi, akakitemea mate, akasugua paji la uso la sanamu ya kwanza, kisha akakitumia kitambaa kile kile kujifuta midomo.

Kazi yenyewe Sadala aliiweza. Alichovya unyoya wa kuku katika mafuta ya taa na kuuingiza katika kila tundu la bungua, kisha akaziba kwa nta ya nyuki. Aliziinua sanamu juu ya mawe bapa ili mchwa wasizifikie kutoka chini, akazisogeza kutoka upande wa jua la mchana uliokuwa ukizipasua, akazipaka mafuta ya nyonyo kidogo kidogo. Mikono yake iliipenda kazi hiyo, na jambo hilo lilimchukiza. Alikuwa akiuguza uongo wake mwenyewe kama mtu anayeuguza mzazi.

Kisha wageni wakaanza kuja kwa treni kutoka Tanga. Bwana Mate aliwasimulia kwamba sanamu hulishwa damu. Habakuki, mpishi wa nyumba, Mshambaa Mkristo aliyesoma misheni na kujua Kijerumani, alimfasiria Sadala maneno hayo huku akimenya viazi. Tangu siku hiyo ikawa amri: kila Jumamosi Sadala azipake damu ya mbuzi na uji, ili wageni wasikie harufu. Sadala alijaribu kueleza kwamba unyevu ule unaita wadudu, kwamba kutunza na kuchafua haviendi pamoja. Hakusikilizwa. Inzi walijaa barazani, na wanawake wa Kizungu walijiziba pua kwa leso huku wakifurahi. Sadala akawa hali chochote shambani ila muhogo wa kuchoma alioumenya mwenyewe.

Siku moja akaja mgeni na kamera. Bwana Mate alitaka mtu wa kuabudu katika picha. Msimamizi akaenda palizini akamleta Bibi Mwaija, mjane mzee aliyekuwa akilima magugu kati ya mistari ya miti ya mpira. Wakamwambia apige magoti na kuweka mikono yake miguuni mwa sanamu.

Bibi Mwaija alimtazama Sadala, aliyekuwa amesimama na kopo la damu.

"Shikamoo, bibi," Sadala alisema, maana hakupata lingine la kusema.

"Marahaba. Hiki ni nini, mwanangu?"

"Mti tu, bibi."

"Na uchafu huu kaupaka nani?"

"Mimi."

Msimamizi alishika kiboko chake, na bibi akapiga magoti. Picha ikachukua muda mrefu. Inzi walitembea usoni pake na akakatazwa kuwafukuza.

Mchana ule Sadala alimwomba Habakuki amsaidie kusema na Bwana. Habakuki alimsihi anyamaze, lakini akaenda naye. Sadala alieleza yote: mti, zizi, moshi, jumbe. Bwana Mate alisikiliza akivuta kiko, na kabla Habakuki hajamaliza kufasiri, akajibu kwa Kiswahili chake.

"Najua. Niliona alama za tezo ya kuchongea chini ya mguu siku ya kwanza, mpya kabisa. Nikamwambia jumbe aniletee aliyezichonga, maana huyo atazitunza na hatasema. Ulaya hakuna atakayeangalia chini ya mguu. Endelea kupaka."

Akampa mkono. Kiganja kilikuwa na unyevu. Sadala alikwenda kisimani akanawa kwa majivu mpaka ngozi ikauma.

Juma lililofuata Bwana alisafiri kwenda Tanga kutafuta masanduku ya kupelekea sanamu Ulaya. Sadala alichemsha maji, akachanganya na majivu na mchanga, akaanza na sanamu ya kwanza. Alisugua damu, uji, masizi, mafuta, na samadi iliyokuwa bado ndani ya masikio. Siku mbili alisugua, mpaka mti ukaonekana mweupe kama alivyoukata. Hakupata nafasi ya kuanza ya pili. Bwana alirudi, akaona, na msimamizi akampiga Sadala viboko ishirini na tano mbele ya baraza ile ile. Sanamu iliyosafishwa ikakatwa kuni za jikoni. Zile mbili ziliingia masandukuni na kupakiwa kwenye treni pamoja na uchafu wake.

Kabla ya kuondoka, Sadala alimfuata Bibi Mwaija palizini akamwomba radhi.

"Nimekusikia," bibi alisema bila kuinua jembe lake. "Sasa niache nimalize mstari wangu."

Sadala alirudi Misima akilala kifudifudi kila alipopumzika njiani. Mgongo ulipopona, jumbe alikuja kutaka sanamu tano. Wazungu wengine walikuwa wamesikia. Sadala alikataa, na safari hii jumbe hakumtisha, kwa sababu Hiza alikuwa tayari amekubali. Hiza alichonga vizuri. Akapanua zizi, akaajiri watu, akajenga nyumba kubwa kupita zote.

Sadala hakula tena nyumbani kwa Hiza. Miaka mingi baadaye, binti wa Hiza alipoolewa, Sadala alisimama nje ya ua mpaka sahani zikaondolewa, na watu wakaona. Njiani kurudi, Mwantumu akamwambia kwamba mdogo wake hakuzaliwa akijua kazi ile.

"Wewe ndiye uliyemfundisha," alisema.

Sadala alikubali kwamba ni kweli. Wakaendelea kutembea, Mwantumu mbele.