Kahawa ya Bi Kheiria

Bi Kheiria wa Hail, Saudia, hajawahi kufika Marekani, lakini siasa za huko anazijua kuliko bei ya vitunguu. Kila baada ya alasiri hukaa mbele ya televisheni na birika la kahawa, akiwatetea wahafidhina: mtoto alelewe na baba na mama, shule ifundishe hesabu, serikali isiwafundishe watu kulea.

Kwa miaka thelathini mumewe, Yaqdhan, alimpinga, zaidi kwa ukaidi kuliko kwa imani. Ubishi ukiwa haujaisha, alikataa kutikisa kikombe kuonyesha kwamba kahawa imemtosha, na Bi Kheiria ilimbidi aendelee kummiminia huku akimgombeza.

Tangu Yaqdhan afariki, anayekaa naye ni Peninah, Mkenya mlokole anayemsaidia kazi za nyumbani.

"Wamarekani wamesahau ndoa ni kitu gani," Bi Kheiria alisema jana.

"Ni ukweli, mama. Hata kanisani kwetu tunasema hivyo."

"Na nnakwambia, serikali yao inataka kuwanyang'anya watu watoto wao."

"Ni ukweli kabisa."

Bi Kheiria alimkazia macho. "Wewe huna hata neno moja la kunipinga?"

Peninah alifikiri kidogo. "Sina, mama. Umesema yote." Akatikisa kikombe chake cha kwanza, akakiweka kwenye sinia, akaenda kuanua nguo.

Birika lilikuwa bado zito. Bi Kheiria bado anapika kahawa ya kutosha ubishi wa saa mbili nzima.