Mapafu na Shimo la Gego

Watu walimwita Mapafu, maana alipopuliza tarumbeta ukumbini, hata wapishi waliacha masufuria yao wakaja kuchungulia. Kazi nyingine hakuijua. Gego lake la mwisho lilipoota limelala upande na kuvimbisha taya, alikubali ling'olewe kwa upasuaji, akaonywa asipulize kitu mpaka aruhusiwe.

Akavumilia kidogo tu. Alisikia kwamba aliyeshika nafasi yake kwenye bendi ameshangiliwa, roho ikamuuma. Akajifungia bafuni, akapuliza taratibu, kwa kujaribu. Kitu kikachomoka ndani ya shavu. Akatema bonge la damu.

Tangu hapo usingizi ulimkimbia. Maumivu yalipanda hadi sikioni, mdomo ukanuka mpaka akajichukia, na vidonge vikawa kama maji. Alishinda ameegemeza shavu kwenye ukuta wa saruji, akitafuta ubaridi. Mkewe alipomletea uji, Mapafu alimwambia ni afadhali walikate taya lote, yaishe.

Mkewe akamkokota hadi kliniki. Daktari wa meno, mama mpole, alimulika ndani akauliza kama alipuliza. Mapafu akatikisa kichwa kukataa.

"Alipuliza, daktari," mkewe akasema. "Nilikuwa nje ya mlango wa bafu."

Mapafu akainamia sakafu.

Daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba damu iliyoganda ndiyo iliyokuwa imefunika mfupa, na sasa mfupa uko wazi. Angesafisha shimo, amtoe damu mkononi, aizungushe kwenye mashine mpaka sehemu yenye chembe za kugandisha ijitenge, kisha aipachike humo. Huenda ikasaidia kidonda kupona. Ahadi hakutoa.

"Na ganzi ya mdomo?" Mapafu aliuliza. Tangu upasuaji, mdomo wa chini haukuhisi kitu upande mmoja. "Nitapuliza tena?"

"Tuanze na kidonda, baba."

Mashine ikavuma. Kilichotoka kilikuwa kitonge cha manjano, chenye kuteleza, kidogo mno kwa mtu aliyetegemea makubwa. Daktari akakishindilia shimoni, akashona.

Maumivu yalilegea polepole, kisha yakaisha. Nyama ikaota, uji ukanyweka. Ganzi haikuondoka. Alipokuja kuruhusiwa kupuliza, upepo ulivuja pembeni mwa mdomo bila yeye kujua, na sauti ikatoka imepasuka. Daktari alisema mshipa wa fahamu wa mdomo huenda ukapona baada ya muda mrefu, au usipone.

Kila asubuhi mkewe humgusa mdomo kwa ncha ya kijiko, akamwuliza kama anahisi.

"Bado," humjibu, akiwa amefumba macho.

Mkewe husogeza kijiko kidogo, akajaribu tena.