Hema Letu na Wazee Wawili

Majira fulani ya baridi, mimi na dada yangu, muuguzi, tulitoka Najma, mtaa wetu wa mjini huku Katari, kwenda kupiga kambi jangwani karibu na bahari kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunapigilia vigingi vya hema, pale mzee wa Kimisri, jirani yetu wa kambini, alipokuja na glasi yake ya chai.

"Binti zangu, mlango uelekee baharini," alisema kwa Kiarabu, ambacho tulikuwa tumekizoea kazini.

Tukang'oa, tukageuza. Mara akatokea mzee wa Kikatari mwenye kambi upande wa pili.

"Nani kawaambia hivyo? Upepo utawajaza mchanga mpaka masikioni."

Dada akaninong'oneza, "Sasa tumsikilize nani?"

Kabla sijamjibu, Mmisri alirudi, na wazee wale wakaanza kubishana, kila mmoja kashika upande wake wa hema. Sisi tukaketi mkekani tukamenya machungwa. Mwishowe walikubaliana mlango utazame kusini, wakalisimamisha wenyewe na kukaza kamba zote.

Tukawakaribisha chai ya maziwa yenye tangawizi. Walikunywa kwa raha mpaka jua likazama, huku wakitueleza namna nzuri zaidi ya kuichemsha.