Mapovu kwenye Karai

Fundi pancha wa stesheni ya Mpanda hakuwa msemaji. Vidole vyake vyeusi kwa grisi vilikuwa vikiizamisha tyubu ndani ya karai la maji, mapovu yakipanda, naye akiyatazama mpaka wateja wachoke. Siku moja mwaka tisini na nne, Ngusa, aliyekuja na baiskeli kutoka Mwamkulu, akamwambia, "Babu, tundu si umeshaliona?"

"Nimeliona, mjukuu wangu. Vita ya Hitla nilikuwa mpishi kwenye manowari ya Waingereza. Ikapigwa, ikazama na rafiki yangu Yotham akiwa chini, jikoni. Mimi niliokolewa. Pale ilipozamia mapovu yalitoka hivi hivi, halafu yakakoma."

Kwenye karai mapovu yalikuwa yanapungua. Mzee akaivuta pampu, akaongeza upepo.