Bendera Niliyoishusha Rågsved

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najificha uso. Miaka ile ya sabini nilikuwa najifunza ualimu wa chekechea kule Rågsved, huku Uswidi, na Gunnel, mkuu wetu, aliniambia waziwazi kwamba somo moja mbele ya wazazi ndilo litakaloamua kama naajiriwa au narudi Dar na sanduku langu. Somo lenyewe: marais wa kwanza wa Marekani na jinsi nchi ile ilivyopata uhuru. Kwa watoto wa miaka sita!

Nikajitengenezea wigi la pamba kama la wale marais, nikalibandika kwa uji wa ngano. Wazazi wakakawia kwenye kahawa (kahawa ya huku haikatizwi hata na uhuru), nikaanza bila wao. Nikaeleza mfalme wa Waingereza, nikaeleza kodi ya chai, watoto wakapiga miayo. Ndipo nikajitia mjanja: nitawaonyesha uhuru unavyoingia! Nikavuta mapazia, nikazima taa, nikamwambia binti mmoja, Emilia, ashushe bendera ya zamani, na iliyokuwepo ni ile ndogo ya Uswidi wanayoiweka mezani mtu akitimiza mwaka, siku yake ya kuzaliwa, tukapandisha kipande cha khanga yangu, watoto wakaruka gizani wakipiga kelele, “Hatutaki mfalme!” (na kiongozi, Mungu anisamehe, ni mimi).

Taa zikawaka. Mlangoni Gunnel, wazazi nyuma yake wamebeba keki. Kumbe anayetimiza mwaka ni yeye! Emilia ameikalia bendera yao, nchi yenyewe ina mfalme, na wigi limenishukia jichoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

“Ndivyo walivyofanya Wamarekani?” Gunnel akauliza taratibu.

“Ya Wamarekani sijui,” nikasema. “Hivi tulifanya sisi. Nilikuwa mabegani kwa baba. Taa za uwanja zilizimwa, zilipowaka bendera ya Waingereza haipo, yetu iko juu, na baba analia.”

Sikuinamisha kichwa. Nilijaa fahari, hata na wigi lile jichoni.

Emilia akasema, “Fröken,” maana ndivyo wanavyomwita mwalimu, “rais wenu wa kwanza naye alivaa wigi?”

“Hapana, mwanangu. Wetu yuko hai, na nywele ni zake.”

Wazazi wakacheka. Gunnel akakata keki, kipande cha kwanza akanipa mimi.

Kazi niliipata. Bendera ya watu siigusi tena, naapa. Uhuru wa wengine nafundisha na kitabu mkononi, taa zinawaka. Nazizima kwa uhuru wa kwetu tu.